Mwalimu na Mwanafunzi Mbele ya Kweli

Mkulima hupimwa kwa ghala lake, na mwashi kwa ukuta aliousimamisha. Je, mwalimu wa chuo kikuu apimwe kwa kitu gani? Wengi watajibu upesi: apimwe kwa makala alizochapisha, kwa cheo alichopewa, kwa mikutano aliyoalikwa ng'ambo. Jibu hilo si la uongo, walakini halitoshi. Maana mtu huyo amekabidhiwa kazi mbili kwa wakati mmoja: kuitafuta kweli isiyojulikana bado, na kumlea kijana atakayeitafuta baada yake. Mtu aweza kusifiwa duniani kote kwa kazi ya kwanza, huku ameiharibu kabisa ile ya pili.

Pengine msomaji atasema: "Mambo hayo ni ya maprofesa. Sisi wakulima na wachuuzi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Dawa tunayomeza, mbegu tunayopanda, daraja tunalovuka, vyote vilipita kwanza mikononi mwa wachunguzi. Tena watoto wetu, ambao tumeuza ng'ombe na kahawa ili wapate kusoma, ndio wanaoketi mbele yao. Chemchemi ikitiwa taka, wanaougua ni wale wanywao huku chini bondeni.

Kwa hiyo tumeona vema leo tuulize: mwalimu wa elimu ya juu aongozwe na kanuni gani katika uchunguzi wake, na kanuni gani katika malezi ya wanafunzi wake? Na tangu mwanzo tuseme wazi fikira yetu. Kanuni hizo twaziona kuwa ni moja. Anayeiheshimu kweli kuliko jina lake mwenyewe, atamheshimu na mwanafunzi aliyeiona kweli hiyo kabla yake. Naye anayemdhulumu mwanafunzi wake, hakika kweli nayo haiko salama mikononi mwake.

SWALI LILILOCHEKWA

Tuanze na kisa cha nchini kwetu. Mwaka 1963 kijana mmoja, Erasto Mpemba, alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Desturi ya wavulana pale ilikuwa kujitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huyatia sukari, huyangoja yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo. Mpemba, kwa kuogopa kuikosa, akayaweka maziwa yake yangali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu akaona ajabu: maziwa yake yameganda, na ya mwenzake, yaliyowekwa pasipo kuchemshwa, hayajaganda bado.

Akamwuliza mwalimu wake sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye, alipokuwa akisoma Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea jambo darasani, wenzake walimtania kwa maneno hayo.

Ndipo akaja kuitembelea shule mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dr. Denis Osborne. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake: vyombo viwili vya maji ya kipimo sawa, kimoja kikiwa na joto la digrii 35 na kingine digrii 100, vikiwekwa pamoja katika jokofu, maji ya digrii 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakamcheka. Osborne naye, kama alivyoandika mwenyewe baadaye, alidhani kwamba kijana amekosea. Lakini alikumbuka kwamba mwanafunzi aulizaye hufaa kutiwa moyo. Akaahidi kulijaribu jambo lile.

Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda; ila akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi! Mwishowe uchunguzi wao ukachapishwa mwaka 1969 katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza. Ulibeba majina mawili: la kwanza Mpemba, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi wa chuo cha uhifadhi wa wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, la pili Osborne. Hata leo jambo hilo huitwa duniani kwa jina la yule kijana.

Tuutazame mwenendo wa mwalimu huyo, maana umo ndani yake karibu kila kitu tunachotaka kusema. Kwanza, alilisikiliza swali ingawa hakuliamini. Hakujidai kuamini; alifanya lililo bora kuliko hilo, yaani alikubali kwamba fikira zake mwenyewe zaweza kuwa na kosa, akalipeleka jambo mbele ya hakimu asiyependelea, ndiyo majaribio. Pili, hakukubali jibu lichaguliwe kabla ya kazi kwisha. Yule fundi alisema kwa moyo mweupe maneno ambayo wengi wenye vyeo huyatenda kwa siri: kurudia na kurudia mpaka litokee jibu walilolitaka, kisha kulichapisha hilo na kuyatupa mengine. Tatu, hakusema, "Maabara ni yangu, fundi ni wangu, kwa hiyo uvumbuzi ni wangu." Aliyeuliza swali aliandikwa jina.

Na hapa yafaa tuongeze jambo ambalo wasimuliaji wengi wa kisa hiki huliacha. Wataalamu hawajapatana hata leo. Wengine wamerudia majaribio wakapata kama alivyopata Mpemba, wengine hawakupata. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha uchunguzi wao, wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Je, basi Osborne alifanya kazi bure? Hasha! Haki ya mwanafunzi haikuwa kuambiwa kwamba amepata. Haki yake ilikuwa swali lake lipimwe kwa uaminifu. Wale waliomcheka wangekuwa na kosa hata kama maji ya moto yasingeganda kamwe, kwa sababu walilikataa jambo pasipo kulitazama. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulizima swali kwa kicheko.

MALI YA NANI?

Lakini si kila kisa kilikwisha kwa amani namna hii. Mwaka 1943, katika chuo kikuu cha Rutgers, Marekani, kijana mwenye umri wa miaka 23, Albert Schatz, alikuwa akichunguza vijidudu vya udongo chini ya uangalizi wa Profesa Selman Waksman. Akapata dawa ya streptomisini, iliyokuwa ya kwanza ya jamii yake kuweza kuushinda ugonjwa wa kifua kikuu. Hapana haja ya kuwaeleza wasomaji wetu ugonjwa huo ulikuwa nini katika siku zile. Ni wangapi walipelekwa hospitali wakangoja kufa tu, na ni wangapi waliokoka baada ya dawa ile kufika!

Makala ya kwanza juu ya dawa hiyo ilitoka mwaka 1944, na jina la Schatz lilitangulia. Basi mwanzoni haki ilitendeka. Lakini sifa zilipoanza kumiminika, na fedha nyuma yake, jina la kijana likafifia, la profesa likakua peke yake. Schatz alipogundua kwamba profesa wake alikuwa akipokea fedha zitokanazo na dawa ile, alikwenda mahakamani mwaka 1950. Kabla mwaka haujaisha walipatana, na Schatz akatambuliwa rasmi kuwa mvumbuzi mwenzi. Hata hivyo tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake. Chuo chake hakikumpa Schatz nishani ya heshima mpaka mwaka 1994, alipokuwa mzee.

Haifai kumhukumu mtu pasipo kumsikiliza. Waksman alikuwa na utetezi, tena si mdogo. Alikuwa amekwisha kuchunguza vijidudu vya udongo kwa miaka mingi kabla Schatz hajafika. Njia ya uchunguzi aliitengeneza yeye, na wanafunzi wengine waliipita njia hiyohiyo. Tena sehemu kubwa ya fedha zake aliitoa kujengea taasisi ya uchunguzi pale Rutgers. Angeweza kusema: shamba nililifyeka mimi, mbegu nilizichagua mimi, huyu alikuwapo tu siku ya mavuno.

Hoja hiyo ina nguvu, nasi twapaswa kuijibu kwa haki. Ni kweli kwamba mwenye shamba ana haki yake. Lakini je, aliyekesha usiku akilinda nguruwe, yeye hana haki? Schatz ndiye aliyekaa na sahani za vijidudu mchana na usiku, ndiye aliyehatarisha pumzi yake kwa vijidudu vya kifua kikuu. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kosa halikuwa kwamba profesa alisifiwa. Kosa lilikuwa kwamba alikubali kusifiwa peke yake. Wizi si wa ng'ombe na fedha tu. Jina jema la kazi ya mtu ni mali yake, na kwa kijana asiye na kitu kingine pengine ni mali yake yote.

Kisa kingine chafanana na hicho, nacho chatufundisha zaidi. Mwaka 1967, katika chuo kikuu cha Cambridge, mwanafunzi mmoja, Jocelyn Bell, aliyekuwa amesaidia kwa mikono yake kuijenga mitambo ya kupokea mawimbi ya redio kutoka angani, aliona alama ndogo isiyo ya kawaida katika karatasi ndefu za mitambo ile. Wengine wangeipita. Yeye aliirudia. Msimamizi wake, Antony Hewish, kwanza alidhani ni kelele zilizotengenezwa na watu hapa duniani. Bell akashikilia mpaka ikathibitika kwamba ni nyota za namna mpya, zizungukazo upesi na kutoa mapigo kama ya saa. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ilipewa Hewish pamoja na Martin Ryle. Bell hakutajwa. Mtaalamu mashuhuri, Fred Hoyle, alipiga kelele hadharani juu ya jambo hilo.

Bell mwenyewe, walakini, hakulalamika. Alisema kwamba msimamizi ndiye anayebeba lawama kazi ikishindwa, kwa hiyo si ajabu akipewa sifa ikifaulu. Miaka mingi baadaye, mwaka 2018, alipewa tuzo nyingine kubwa ya dola milioni 3. Fedha zote alizitoa kuwasomesha wanafunzi wa fizikia wanaotoka katika jamii ambazo ni nadra kuonekana katika elimu hiyo, wakimbizi pia wakiwamo.

Huo ni ukarimu, na ukarimu wastahili heshima. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mwanafunzi aweza kusamehe haki yake. Mwalimu hawezi kumsamehesha. Anayedhulumiwa akinyamaza kwa uungwana, uungwana huo ni wake, wala haumsafishi aliyenufaika. Ndiyo sababu kanuni hii lazima ikae upande wa mwenye nguvu. Profesa ndiye anayeandika barua ya sifa, ndiye anayetia saini tasnifu, ndiye anayejuana na wahariri na wenye fedha. Kijana hana chochote ila matumaini. Palipo na tofauti kubwa namna hiyo, kungoja mpaka mdogo adai ni kumnyima kwa adabu.

Basi kanuni yenyewe ni nyepesi kuitamka: aliyefanya kazi aandikwe, na asiyefanya asiandikwe. Nusu ya pili ni ngumu kama ya kwanza. Kuna walimu wanaotaka jina lao litiwe katika kila makala itokayo idarani, hata zile wasizozisoma. Wao huona hiyo ni heshima ya cheo, kama vile mkubwa wa kijiji kupelekewa kidari cha mnyama aliyewindwa. Lakini nyama huliwa ikaisha. Jina juu ya makala ni ushuhuda: mtu asema mbele ya ulimwengu, "Nayajua haya, nami nayakubali." Akiwa hayajui, ameshuhudia uongo.

MZIGO WA ANAYETIA SAINI

Na kwa kuwa jina ni ushuhuda, latuleta kwenye jambo la makosa. Mwaka 2018 Profesa Frances Arnold wa Marekani alipata tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha makala katika jarida mashuhuri. Walipojaribu kuirudia kazi ile, haikurudika. Na walipochunguza daftari la maabara la aliyeifanya, waliona kwamba baadhi ya kumbukumbu za majaribio makubwa hazimo. Mnamo Januari 2020 waliiondoa makala yao. Naye Arnold alitangaza kwa watu wote, akaomba radhi, akasema kwamba alikuwa na shughuli nyingi wakati makala ilipopelekwa, asiifanye kazi yake vizuri.

Tutazame alilolifanya na asilolifanya. Hakungoja mpaka adui agundue. Wala hakumsukuma mwanafunzi mbele ili mawe yampige yeye. Alisema kwamba kazi ya kusimamia ilikuwa yake, nayo hakuitimiza. Angeweza kukaa kimya. Ni nani angemdhania vibaya mtu aliyetoka kupokea tuzo kubwa kuliko zote? Lakini alijua kwamba mtu atakayejenga juu ya makala ile, mahali fulani mbali, katika maabara yenye fedha kidogo, angepoteza mwaka mzima wa ujana wake akirudia kitu kisichorudika. Mficha uchi hazai, na mficha kosa la elimu huwazuia wengine kuzaa.

Hapo twaona jinsi kazi zile mbili zilivyoshikamana. Daftari lisilotazamwa ni kosa la malezi. Makala isiyorudika ni kosa la uchunguzi. Na la pili lilizaliwa na la kwanza. Mwalimu anayeketi na mwanafunzi wake kila juma, akaona takwimu zenyewe kabla ya kuona michoro mizuri, akamwuliza, "Hili umelipataje?", huyo amemlea kijana na kuilinda kweli kwa tendo moja. Mwalimu aliye mbali ameviacha vyote viwili.

Na umbali huo ni hatari kuliko tunavyodhani. Inajulikana kwamba katika mji wa Nairobi vijana wengi wenye shahada wamejipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 kuikataza biashara hiyo kwao. Sheria ni jambo jema. Lakini tujiulize: ni mwalimu gani huyo anayepokea kazi ya mtu mwingine asitambue? Fundi seremala huijua randa ya mwanafunzi wake hata akiwa amefumba macho. Mwalimu anayeijua sauti ya kijana wake, aliyekwisha kumsikia akikwama, akikosea, akijaribu tena, hadanganyiki kwa urahisi kwa insha iliyonunuliwa. Wala kijana aliyejulikana namna hiyo haoni sababu ya kununua, maana amekwisha kujua kwamba kukwama si aibu mbele ya mwalimu wake.

FURAHA YA KUPITWA

Kuna jaribu moja la mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote. Mwanafunzi akimshinda mwalimu wake, mwalimu atafanyaje?

Humphry Davy alikuwa mtaalamu maarufu wa kemia huko London. Mwaka 1813 alimwajiri kijana maskini aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu, Michael Faraday, awe msaidizi wake katika maabara. Alimfundisha, akasafiri naye Ulaya, akamfungulia mlango wa elimu. Hiyo ni fadhila isiyosahaulika. Lakini Faraday alikua. Mwaka 1824 lilipoletwa shauri la kumwingiza katika baraza la wataalamu la Royal Society, aliyelipinga alikuwa Davy yuleyule, naye ndiye aliyekuwa rais wa baraza hilo. Faraday akachaguliwa hata hivyo. Ni huzuni kuona mkono uliofungua mlango ukijaribu kuufunga.

Tumlinganishe na Isaac Barrow wa Cambridge. Yeye alikuwa wa kwanza kukikalia kiti cha uprofesa wa hesabu kilichoitwa kwa jina la Lucas. Alikuwa bado na nguvu zake. Lakini alikwisha kuona kazi za kijana mmoja, akajua kwamba kijana huyo ana kipaji kipitacho cha kawaida. Mwaka 1669 Barrow akajiuzulu, akampendekeza kijana yule akalie kiti chake, naye alikuwa na miaka 26 tu. Jina lake Isaac Newton. Watu wachache leo humkumbuka Barrow, bali kila mtoto wa shule humjua Newton. Je, Barrow alipata hasara? Kwa anayehesabu majina, ndiyo. Kwa anayeihesabu kweli iliyopatikana, hakuna tendo lake lililozaa matunda kuliko kile kibali alichokitoa.

Mwenge hauzimiki kwa kuwashia mwenge mwingine. Anayeogopa kupitwa ameisahau shabaha ya kazi yake, maana mwalimu ambaye hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyempita amefanya elimu isimame palepale alipoikuta.

HUKU KWETU

Tusizungumze habari za Cambridge na Rutgers kana kwamba huku kwetu hatuna la kujirekebisha. Vyuo vyetu vikuu bado ni vichanga. Kile cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache tu wa sheria. Leo katika Afrika ya Mashariki vyuo ni vingi, na wanafunzi ni maelfu kwa maelfu. Walimu wameelemewa, mishahara haitoshi, maabara hazina vifaa. Hayo yote ni kweli. Lakini twasikia malalamiko ambayo umaskini hauwezi kuyatetea. Sura ya tasnifu hukaa mezani kwa msimamizi miezi sita pasipo kusomwa, na mzazi kule kijijini aendelea kuuza mbuzi kulipia mwaka mwingine. Kijana hutumwa kazi za nyumbani kwa mwalimu, akaogopa kukataa. Makala ya mwanafunzi hutoka ikiwa na jina la mwalimu mbele na la mwanafunzi nyuma, au lisiwepo kabisa. Wachunguzi kutoka nje nao huja, hukusanya habari kwa miguu na lugha ya vijana wetu, kisha majina ya vijana hao hayaonekani popote, ila labda katika mstari mmoja wa shukrani mwishoni.

Kusoma sura kwa wakati hakuhitaji mtambo kutoka Ulaya. Kumwandika mtu jina lake hakuhitaji fedha. Kusema "sijui, twende tukajaribu" hakugharimu hata senti moja, ila chembe ya kiburi. Fadhila zilizo kubwa kuliko zote katika kazi hii ndizo zilizo rahisi kununua, nazo ndizo zinazokosekana.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba maneno haya yote yaelekezwa kwa walimu wenu. Mkitaka majina yenu yaheshimiwe, andikeni yale mliyoyaona, wala msiandike yale mliyotamani kuyaona. Lindeni madaftari yenu. Semeni wazi mlipokosea, hata kama hakuna aliyewaona. Mpeni sifa yake fundi wa maabara, na mzee wa kijiji aliyewapa habari, na mwenzenu aliyewasahihishia hesabu. Siku moja nanyi mtaketi katika kiti cha msimamizi, na mbele yenu atasimama kijana mwenye swali la ajabu. Mtakavyomtendea siku hiyo mwaanza kujizoeza sasa.

Na ninyi wazazi, mtoto wenu akirudi likizo, msimwulize alama tu. Mwulizeni: "Mwalimu wako huisoma kazi yako? Huuliza umeipataje? Ukikosea, hukufanyia nini?" Majibu yake yatawaonyesha kama ada mliyoilipa imenunua elimu au cheti tu.

Kweli haikuumbwa na profesa, wala na mwanafunzi. Wote wawili waliikuta. Mmoja alitangulia njiani na mwingine akafuata nyuma, hiyo ndiyo tofauti yao yote. Aliyetangulia amwonyeshe mwenziwe mahali penye mashimo; na yule wa nyuma akiona jambo ambalo wa mbele amelipita, asinyamazishwe. Wasimame, warudi pamoja, wakalitazame.